Orodha mbili za Python zilivyokubali kuzidishana

Shangazi anauza khanga, vitenge na mitandio Kariakoo, na hesabu za jioni kaniachia mimi. Nikaweka orodha mbili kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta:

idadi = [12, 5, 30]
bei = [9000, 15000, 2500]

Nilitaka kila idadi izidishwe kwa bei yake. Nikaandika idadi * bei, ikanigomea: TypeError, yaani kosa la aina ya data. Nikajaribu idadi + bei nione tu. Haikujumlisha kitu, iliziunganisha zikawa orodha moja ya namba sita. Na idadi * 2? Inairudia orodha mara mbili! Kumbe kwa Python orodha ni mfuko wa vitu vyovyote, hata majina, na alama hizo hushughulika na mfuko wenyewe, si vilivyomo.

Dawa ikawa zip, inayovipanga viwili viwili:

mauzo = [i * b for i, b in zip(idadi, bei)]

Ikatoka [108000, 75000, 75000], na sum(mauzo) ikanipa 258000. (NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ingezidisha safu zake moja kwa moja, ila kwa bidhaa tatu ni kukodi fuso kubeba doti moja.)

Nikajiona fundi, hadi siku niliyosahau bei ya mitandio. zip huishia pale orodha fupi inapoishia, kimya kimya. Aliyeshtuka ni shangazi, anayepiga hesabu kwa kichwa: "Baba, pesa ya mitandio iko wapi?"

Jioni ileile nikaandika zip(idadi, bei, strict=True), iliyopo tangu Python 3.10. Sasa urefu ukitofautiana, programu inasimama na ValueError kabla shangazi hajaniuliza.