Sambaza ambaye si sambaza

Alhamisi niliingia darasa la tano na picha moja kwenye simu. Projekta hatuna, basi simu ikapita mkono kwa mkono kwenye mabenchi, mimi nikiifuata kwa macho maana kioo chake kina ufa tayari. Swali lilikuwa moja tu: huyu ni wa kundi gani?

"Madamu, si ni sambaza tu," kijana mmoja wa nyuma akasema, akimaanisha wale samaki wadogo wa ziwa letu la Kivu. Darasa zima likamwunga mkono.

Siwalaumu. Urefu wake ni sentimita tano hivi, sawa na wale tunaopimiwa kwa kopo pale soko la Kadutu, hapa Bukavu. Ana ubavu mpana, ukimtazama kutoka juu ni mwembamba kama jani, nyuma ana kitu kama mkia, na huogelea kwa kujipinda mwili mzima. Lakini mfupa hana hata mmoja. Magamba hana, matamvua hana. Mwili wake unapitisha mwanga kama kioo, unaona ini lake lenye matawi likiwa ndani. Ni koa, ndugu wa wale wanaomaliza mashu (kabichi) yangu kila mvua ikinyesha! Wataalamu wanamwita Phylliroe bucephala, jina alilopewa na Wafaransa Péron na Lesueur mwaka 1810. Bucephala ni kichwa cha ng'ombe, kwa sababu ya zile pembe mbili ndefu, ambazo kwa kweli ndizo pua yake.

Koa wa shambani hutambaa kwa mguu wake mmoja mpana. Huyu anaishi katikati ya bahari yenye joto, chini yake pengine kuna maji ya mita elfu kadhaa. Atambae juu ya nini? Mguu umenywea, umebaki kipande kidogo chini ya kifua.

Na hapo kwenye kipande hicho ndipo penye kisa. Mara nyingi kimeng'ang'aniwa na meduza mdogo sana (watu wa pwani husema konyeza). Wanafunzi wangu bahari hawajaiona, na kwenye Kivu letu hawajawahi kuona meduza, ikabidi niwasimulie kuhusu meduza wa ziwa Tanganyika. Mimi mwenyewe niliwaona Uvira, baba mdogo aliponichotea mmoja kwa kikombe: kitu kama kitufe cha koti, cheupe, kikipumua majini. Nilikataa kukigusa, akanicheka mpaka jioni.

Turudi kwa koa. Mwaka 1853 mtaalamu Krohn aliandika kuhusu meduza huyo na kumwita Mnestra parasites, yaani mnyonyaji. Aliona mdogo kamshikilia mkubwa, akaamua kwamba mdogo ndiye kupe. Hata mimi ningesema hivyo.

Nikawauliza darasani, kabla ya kuwapa jibu: nani anamla nani?

Kimya. Kisha msichana mmoja wa mbele, ambaye kwa kawaida hanyanyui mkono, akasema: "Madamu, huyu mdogo alikuwa hivyo tangu mwanzo, ao amepunguka?"

Nilitaka kumkumbatia. Amepunguka! Koa akiwa mchanga kabisa huingia ndani ya mwavuli wa meduza aitwaye Zanclea, ambaye wakati huo ndiye mkubwa, akajibandika humo na kuanza kumla taratibu. Koa anakua, meduza anakwisha, mpaka mwenye nyumba anabaki kishikizo kifuani mwa mgeni. Wataalamu Martin na Brinckmann ndio walioeleza jambo hilo vizuri, mwaka 1963. Kutoka Krohn ni miaka 110. Yule mtoto alitumia dakika mbili, ingawa lazima niseme kwamba yeye alijua tayari kuwa kuna mtego.

"Na nyumba ikiisha, anakula nini?" Meduza wengine, na vitu vingine laini vinavyoelea, sasa akiwawinda mwenyewe.

Nilikuwa nimebakiza kuwaambia kwamba ukimgusa gizani anawaka mwili mzima, na kwamba kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Hilo la pili lilileta kelele nyingi mno, sikumaliza. Kengele ikalia. Simu ilirudi ikiwa na asilimia nne ya chaji, na kijana wa nyuma akapita karibu yangu akisisitiza kwamba, hata hivyo, kwa mafuta na pilipili angelika.