SAT au ACT? Tulivyoamua mezani kwetu, Iowa City

Waulize wazazi wenzangu tuliotoka Kongo tukafikia hapa Iowa City, Marekani: mtoto afanye mtihani upi wa kuombea chuo kikuu, SAT au ACT? Wengi watakujibu ACT bila kusita, kwa sababu ndio mtihani wa hapa. Kuzaliwa kweli ulizaliwa hapa, mwaka 1959, na profesa E. F. Lindquist wa Chuo Kikuu cha Iowa alikuwa mmoja wa walioanzisha. Lakini hilo halimpi mtoto hata alama moja. Na jirani anayeshikilia kwamba SAT ni ya watoto wanaokwenda vyuo vya majina makubwa, naye amekosea. Chuo kinachotaka alama za SAT kinapokea za ACT vilevile.

Mimi nilisomea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, kwa mtaala wa Kongo. Mtihani wa taifa ulikuwa mmoja tu, hakuna cha kuchagua. Basi binti yangu mkubwa, aliye darasa la kumi na moja, aliponiuliza, "Baba, nifanye upi?", sikuwa na jibu. Nikamwambia tuifanye yote miwili kwanza hapa nyumbani, kwa saa, kama ya kweli.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Jumamosi ya kwanza wadogo zake walikwenda kwa shangazi yao, meza ikafutwa, nikamwekea ACT ya karatasi niliyoichapisha maktaba, ile ya mtindo mpya ulioanza 2025. Mimi nikawa jikoni na sufuria ya sombe, simu ikihesabu dakika.

Hisabati aliimaliza. Kusoma ndiko kulikomkwamisha: maswali 36 kwa dakika 40, na vifungu ni virefu. Niliposema muda umekwisha, alikuwa swali la 27. Nikaichukua karatasi. Kwenye kifungu cha pili alikuwa amepigia mstari sentensi ileile mara tatu, hadi penseli ikatoboa karatasi. Akaniambia, "Baba, nikikimbia naelewa maneno, ila sishiki mwandishi anataka kusema nini." Huyu mtoto alianza Kiingereza akiwa na miaka tisa. Hana uzito wa akili. Anasoma kwa uangalifu, na uangalifu unataka muda.

Yale maswali tisa ya mwisho aliyaacha wazi, na kosa lilikuwa langu. Ndugu mmoja aliyefanya SAT zamani alitueleza kwamba jibu baya linakukata alama. Enzi zake ilikuwa kweli, lakini SAT iliacha kufanya hivyo mwaka 2016, na ACT haikati. Tafadhali waambieni watoto wasiache swali wazi, hata likiwa la kubahatisha.

Jumamosi ya pili ikawa zamu ya SAT. Hii siku hizi ni ya kompyuta, kwenye programu ya Bluebook: maswali 98 kwa saa mbili na dakika 14. Kifungu ni aya moja fupi na swali lake moja, unamaliza, unasahau, unakwenda kingine. Nilipiga hesabu kwenye bahasha ya barua. Sehemu ya Kiingereza ya ACT, si ile ya kusoma, inampa mtoto sekunde 42 kwa swali. Kusoma na kuandika kwa SAT kunampa 71. Kilichomtia hofu ni kwamba nusu ya pili ya kila somo huwa ngumu au rahisi kufuatana na ulivyofanya ya kwanza. Ilipokuja ngumu akadhani ameharibu, kumbe ni dalili njema.

Alipata 21 kwenye ACT na 1160 kwenye SAT. Kwa jedwali la kulinganisha lililotolewa mwaka 2018, ile 21 ya ACT ni kama 1080 ya SAT. Akachagua SAT.

Lakini msinukuu uamuzi wake mkampa mtoto mwingine. Kijana wa jirani yangu bado yuko kwenye mpango wa wanaojifunza Kiingereza shuleni. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuombewa muda wa ziada na kamusi ya lugha mbili kwenye ACT, kupitia shule, mapema kabla ya siku ya mtihani. Kwa SAT, msaada huo wa lugha hupatikana mtihani unapofanyiwa shuleni siku ya masomo, si ile ya Jumamosi. Kwake yeye huenda ACT ndiyo njia. Na hata ada isiwazuie: mtoto anayekula bure shuleni kwa kipato cha nyumbani humwendea mshauri wa shule akapewa msamaha, na kwa SAT unatosha mitihani miwili.

Tazameni pia orodha ya vyuo kabla ya yote. Hapa Chuo Kikuu cha Iowa unaweza kuomba bila alama yoyote. Vyuo vya University of California havizitazami kabisa. Chuo cha MIT walirudisha sharti la alama hizo mwaka 2022.

Binti yangu ataufanya Mei. Kila jioni vyombo vikishaoshwa anakaa palepale mezani na kipande kimoja, maswali 27, dakika 32. Jana alimaliza zikabaki dakika nne. Akarudi swali la kumi na moja, akalisoma tena polepole, midomo ikicheza, akabadilisha jibu. Lile jipya lilikuwa sahihi.