Hesabu ya difu niliyoipata kwa chaki ya shule

"Weka 35, utanishukuru." Jamaa aliyeniambia hivyo kijiweni, akimaanisha matairi ya inchi 35, anaendesha Noah. Hilo peke yake lilitosha nilipe kahawa yangu niende zangu. Badala yake nilienda kununua matairi.

Gari langu ni Land Cruiser 79, pikapu, hizi tunazoziita mkonga, injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Kazi yake ni kubeba vitu vya kambi za wageni kutoka Arusha: mahema, magodoro, mapipa ya maji, jenereta, na siku nyingine mbuzi wawili waliofungwa miguu. Njia zangu ni mbili. Moja inapanda ukuta wa Manyara kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Nyingine inapita Selela na Engaruka hadi Engaresero, kando ya Ziwa Natron, na hii ndiyo iliyonitia tamaa ya matairi makubwa. Kwenye lile vumbi la majivu la upande wa Oldoinyo Lengai, malori huchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Bakuli la difu yangu ya nyuma, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawia magurudumu nguvu, lilikuwa linalima tuta hilo kama plau.

Usidanganywe kwamba springi ndefu ni dawa. Springi zinanyanyua bodi. Difu imelala kwenye ekseli, na ekseli hainyanyuliwi na kitu kingine zaidi ya tairi. Hilo nilikuwa nalijua. Ambalo sikulipigia hesabu ni kiasi. Tairi langu la asili, 7.50-16, lilikuwa na kimo cha sentimita 80 na nusu. Lile la 35, yaani 315/75R16, lilikaribia 88. Umeona umepata saba na nusu? Gawa kwa mbili, maana ekseli iko katikati ya tairi. Nilipata sentimita tatu na robo tatu. Kwa matairi matano na rimu zake, nikipiga kwa bei ya mnada wa wakati ule, ni kama ng'ombe wanne kwa urefu wa kidole gumba.

Lakini lilipendeza! Siku mbili za kwanza nilikuwa naegesha mbali na mlango wa duka ili nipate kulitazama wakati wa kurudi. Kweli, nikikata usukani mpaka mwisho tairi lilikuwa linalamba chuma kwa ndani, na spea haikuingia tena chini ya bodi, ikabidi ipande juu na kula nafasi ya mapipa mawili. Mke wangu akauliza kama sasa nitakuwa nabeba matairi badala ya maji. Nikamwambia hajui magari.

Siku ya tatu nikapakia, nikaelekea Karatu. Wanaoujua ule mlima wa Manyara wanajua ni lami safi, kona, na nyani waliokaa ukingoni kama wazee wa baraza. Zamani nikiwa na mzigo nilikuwa napanda kwa gia ya tatu, gari linalalamika lakini linakwenda. Siku hiyo, gia ya tatu ilikufa kabla sijafika kona ya kwanza. Nikashusha ya pili, nayo ikawa inavuta kama punda aliyeona mto. Fuso lenye kreti tupu likanipita, na utingo aliyekaa juu akanipungia mkono taratibu, ule mkono wa kumpa mtu pole. Nyani mmoja alitembea sambamba na mimi kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kilichotokea ni hiki. Difu yangu ilikuwa 4.1: propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, inazunguka mara nne na sehemu moja ya kumi ndipo tairi lizunguke mara moja. Tairi likikua, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi, na injini inabeba mzigo ule ule kwa mkono mfupi zaidi. Gawa 88 kwa 80.5, unapata 1.09. Gawa 4.1 kwa hiyo, unapata karibu 3.75. Nilikuwa nimejifungia difu ya mbio kwenye gari la kubeba maji, bila kugusa spana. Ongeza kwamba injini isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mimi naanzia Arusha, ambako tayari ni kama 1,400.

Na dashibodi ikaanza kusema uongo. Kijijini nakwenda 50 kwa macho yangu, tochi ya trafiki inasoma 55. Elfu thelathini ikaenda. Nikalia pia kwamba gari linakula mafuta, na kweli lilikuwa linakula, ila sehemu ya ulaji huo ilikuwa ya karatasi tu: mita ilikuwa inahesabu kilomita pungufu. Ukibadilisha tairi, usipige hesabu ya mafuta kabla hujasahihisha kilomita, utagombana na dereva wako bure.

Hapa ndipo ulipoingia ushauri wa pili, uliokuwa mbaya kuliko wa kwanza. Ilikuwa Desemba. Fundi wangu mzee alikuwa ameenda kwao Moshi, na Desemba usimtafute fundi wa Kichaga Arusha. Kijana wa gereji ya jirani akaniambia, "Bosi, badilisha difu ya nyuma tu. Fowili unaitumia kwenye tope, na tope linasamehe." Fowili ni pale magurudumu yote manne yanapovuta, propela ya mbele na ya nyuma zikiwa zimefungamana. Muuza spea mmoja alikuwa na difu iliyotumika, imeandikwa 4.8 kwa rangi nyeupe, mwandiko mzuri kabisa. Nikalipa laki kadhaa. Ikafungwa kwa siku moja. Gari likachangamka kidogo, si sana, nikajisemea litazoea.

Wiki iliyofuata nikaenda Natron. Mchangani niliweka fowili, hakuna tatizo. Baada ya Engaresero kulikuwa na mzigo wa kupeleka juu, ile njia ya Wasso inayopanda ukuta kwa kona za mawe makavu. Nikaiacha fowili ndani. Kona ya kwanza usukani ukawa mzito. Ya pili, tairi la mbele likaanza kupiga kelele kama kiatu kipya msikitini. Ya tatu nikasikia mlio wa chini ya sakafu, tak!, nikasimama. Nikavuta mti wa fowili utoke: umeganda. Nikashuka nifungue loki za habu za mbele, zile zinazounganisha magurudumu na ekseli: zimeganda. Nikarudi kwenye mti, nikauvuta kwa mikono miwili na mguu mmoja ukutani mwa dashibodi, mpaka mzee wa Kimasai aliyekuwa anapita na mbuzi wake akasimama, akaegemea fimbo, akawa anatazama kama anatazama mieleka.

Nilijaribu rivasi. Kwa kawaida ukirudi nyuma kidogo mti unaachia, lakini pale nyuma yangu kulikuwa na korongo, na sikuwa na hamu ya kurudi nyuma sana. Mwisho nikaweka mawe kwenye matairi ya nyuma, nikapiga jeki gurudumu moja la mbele. Lilipoachana na ardhi tu, likazunguka lenyewe karibu robo mzunguko, kwa ghadhabu, bila mtu kuligusa. Mbuzi walitawanyika. Mzee akasema neno moja la Kimaa ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Mti ukatoka kwa kidole kimoja.

Januari fundi wangu aliporudi nikamsimulia. Alinisikiliza huku anafuta mikono. "Kijana, mbele una ngapi?"

"4.1, mzee."

"Na nyuma?"

"4.8. Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

Nikanyamaza.

"Ingekuwa 4.8 usingefika hata kona ya kwanza. Nenda kahesabu."

Sasa hesabu yenyewe. Ukiifungua difu unahesabu meno ya krauni, ile gia kubwa, unagawa kwa meno ya piniani, ile ndogo, basi. Lakini mimi sikutaka kuifungua tena. Nilipaki nyumbani pakavu, nikaweka magogo kwenye matairi matatu, nikatoa gia zote, nikaachia handibreki kwa sababu kwenye gari hili inashika magurudumu ya nyuma. Nikanyanyua gurudumu moja tu la nyuma. Moja tu! Ukinyanyua mawili, moja litazunguka kwenda huku na jingine kule, utahesabu upuuzi. Lile jingine likiwa limekaa chini, gurudumu ulilonyanyua likizunguka mara mbili, krauni inazunguka mara moja. Hii ni kwa difu ya kawaida. Yenye loki ya ndani haikubali mchezo huu.

Watu wengi wanaishia hapo: wanazungusha mara mbili, wanatazama propela, wanasema "nne na kitu". Hicho "kitu" ndicho unachokitafuta! Kati ya 4.1 na 4.3 kuna tofauti ambayo jicho la mtu aliyelala chini ya gari, mchanga umeingia sikioni, haliwezi kuiona. Kwa hiyo usizungushe mara mbili, zungusha ishirini. Namba ya propela itakayotoka ni namba ya difu mara kumi. Binti yangu wa darasa la tatu alileta chaki yake, nikachora mstari kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Yeye akazungusha tairi na kuhesabu kwa sauti ya shuleni, mimi chini nahesabu propela. Mara ya kwanza tulipofika kumi na mbili akapita muuza ice cream, hesabu ikaharibika. Mara ya pili akafika ishirini, mimi nina arobaini na tatu.

"Baba, umepata ngapi?"

Arobaini na tatu. Yaani 4.3. Tukahamia mbele, tukafunga loki za habu, tukarudia: arobaini na moja. Kwa hiyo kwenye ardhi kavu, kila kilomita moja ya fowili, propela mbili zilikuwa zinagombania mizunguko zaidi ya 70, na hakuna tope la kuwaamulia. Yule muuza spea wa maandishi meupe sikumrudia. Ningemwambia nini? Mwandiko wako mzuri?

Niliomba bei ya seti mpya za 4.88, mbele na nyuma, za kuagiza nje. Nikaambiwa kwa dola, nikakata simu kwa heshima. Kisha usiku mmoja nikaifanya ile hesabu kinyume. Badala ya kuuliza difu gani inafaa tairi la 35, nikauliza tairi gani linafaa difu niliyo nayo tayari. 4.3 gawa kwa 4.1, unapata 1.05 hivi. Zidisha kwa 80.5: kama sentimita 84. Na kuna tairi la 84! 255/85R16, jembamba na refu, linaingia hata kwenye zile rimu nilizonunulia 35. Nilimwamsha mke wangu kumwambia. Alisema "hongera" na kugeukia ukutani.

Ilibaki difu ya mbele ya 4.3, na ya nyuma haihamishwi mbele, za mbele kwenye gari langu ni ndogo na zimekatwa kivyake. Nikaipata kwenye Land Cruiser 105 iliyopinduka, imekaa uani kwa mtu Usa River, nyasi zimeota mpaka dirishani. Mwenyewe akasema ni 4.1, namba ya kawaida. Nikatoa chaki. Alicheka mpaka nilipofika arobaini na tatu, kisha akapandisha bei.

Kuifunga mbele ni kazi ya grisi mpaka kwenye viwiko, fundi anajua. Nilichojifunza ni kwenye shafti za nyuma, maana mzee alitaka kuifungua ile difu ya Desemba aone imefungwaje. Zile koni ndogo kwenye nati sita, vijana wanazichokonoa kwa bisibisi mpaka zinapasuka. Mzee alilegeza nati bila kuzitoa, akapiga katikati ya uso wa shafti kwa nyundo ya shaba, pigo moja la uhakika, na koni zikaruka kama bisi. Ndani akakuta oili nusu. Hakusema kitu, alinionyesha tu kidole kilichochovya.

Matairi ya 35 nilimuuzia kijana mmoja mwenye haraka, kwa hasara ambayo nyumbani nimeitaja kwa namba nyingine. Kwa haki nilimweleza habari ya difu. Akasema yeye anataka muonekano.

Sasa napanda Manyara kwa ya tatu tena, na mzigo. Dashibodi ikisema 50, tochi nayo inasema 50, kwa sababu waya wa spidi unachukua mizunguko kabla ya difu, na difu na tairi vimekua pamoja. Spea imerudi chini ya bodi. Kwenye tuta la Engaruka nimepata sentimita moja na robo tatu tu kuliko zamani, siwezi kudanganya, bado linagusa mahali pawili na hapo nashuka na koleo. Na difu ya nyuma inaimba kidogo kati ya 70 na 80 nikiachia mafuta, kwa ajili ya ile Desemba ya oili nusu. Mzee anasema itakaa miaka. Utingo wangu anasema inaingiliana na redio, kwa hiyo kwenye mteremko wa Makuyuni tunazima redio.