Siku yangu ya kujifunza kunyamaza

Saa 11:45 alfajiri

Naandaa karatasi ya somo la kwanza. Nafundisha hesabu, na kwa miaka mingi kuandaa somo kwangu kulikuwa kuongeza: mfano mwingine, mchoro mwingine, maelezo marefu zaidi. Siku hizi muda mwingi nafuta, ili wanafunzi wajifunze kujitegemea. Karatasi ya leo ina milinganyo minne. Wa kwanza nimeukokotoa wote, hatua kwa hatua. Wa pili nimeuacha bila hatua ya mwisho. Wa tatu una hatua ya kwanza tu. Wa nne ni swali tupu.

Mwaka 1976 wanasaikolojia David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliufananisha msaada wa mwalimu na jukwaa la mafundi ujenzi: linafungwa ili kazi ifanyike, kisha linaondolewa. Kulifunga tunakuweza sana sisi walimu. Kulifungua ndiko kunakotushinda.

Saa 2:00 asubuhi

"Fungeni madaftari. Chukueni karatasi tupu, andikeni kila mnachokumbuka kuhusu somo la juzi. Dakika tano."

Miguno. Kila wiki naisikia miguno hii hii. Msichana wa mstari wa mbele, ambaye daftari lake limepigwa mistari ya rangi nne, ananiambia, "Mwalimu, mimi jana nimesoma mara tatu!" Karatasi yake ina mistari miwili.

Namsadiki kabisa kwamba alisoma. Ndipo nikawasimulia darasa zima jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006. Wanafunzi walipewa kifungu kifupi cha habari. Kundi moja lilikisoma tena na tena. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, halafu likawa linajaribu kukiandika kwa kukumbuka, bila kutazama, mara tatu. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka kama asilimia 40, wenzao kama asilimia 61. Na kilichowachekesha vijana wangu ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka.

"Kumbe ndiyo maana," akasema yule msichana, akaishia hapo. Sikumuuliza ndiyo maana ya nini. Mtu akirudia kusoma, maneno yanakuwa na sura anayoijua, naye anadhani ameyashika. Hilo halielezwi likaeleweka, ni mpaka ukutane na karatasi tupu.

Saa 4:20

Mapumziko. Mwenzangu ofisini ananitania: "Wewe na kujitegemea kwako! Wape kazi ya nyumbani uwaache, watajitegemea wenyewe." Tumebishana kidogo, chai ikapoa. Anayeachiwa kitabu bila kuonyeshwa namna ya kukishughulikia hajifunzi kujitegemea, anajifunza kunakili kwa jirani.

Saa 5:00

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Wanafanya maswali, mimi nazunguka. Nina sharti moja nililojiwekea: sigusi kalamu ya mwanafunzi.

Kijana mmoja amenyoosha mkono. "Mwalimu, nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Yote sielewi."

"Nisomee swali."

Akasoma: namba nzima tatu zilizo mtawalia zina jumla ya 72, zitafute. Alipofika kwenye "mtawalia" sauti ikashuka. Nikanyamaza. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa miaka ya sabini, aliona kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Tangu nijue hilo nahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Sekunde tatu za kimya mbele ya mtoto aliyekwama ni ndefu jamani.

"Mwalimu, mtawalia ni namba gani?"

Alidhani ni aina ya namba, kama shufwa na witiri. Hesabu haikuwa tatizo lake hata kidogo. Tatizo lilikuwa neno moja, lenye maana ya kufuatana tu, na alikuwa ameligeuza kuwa "yote". Nikamwelekeza kwenye orodha ya istilahi mwishoni mwa kitabu, nikaondoka kabla sijashawishika kumweleza mwenyewe. Niliporudi alikuwa na 23, 24 na 25, na alikuwa anamweleza jirani yake kwa sauti ya mtu mzima.

Ningependa kuishia hapo. Lakini zikiwa zimebaki dakika mbili kengele ilie, msichana wa nyuma kabisa akaniita, nikaona kosa lake hata kabla sijainama, nikachukua penseli yake nikamalizia. "Asante mwalimu," akasema, kwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Kengele ikalia. Sharti langu lilivunjika kwa sababu ya haraka yangu mwenyewe.

Saa 8:00 mchana

Kipindi cha mipango. Kila mmoja ana daftari dogo lenye safu mbili: muda ninaodhani kazi itachukua, na muda iliochukua kweli. Leo tumelinganisha. Kijana mmoja aliandika dakika 30, kazi ikala saa moja na dakika 50. Darasa likacheka, kisha wakaangalia madaftari yao wakanyamaza. Udhaifu huu wa kukadiria muda mfupi kuliko inavyostahili ni wa watu wote. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliuandika mwaka 1979. Mimi mwenyewe karatasi ya asubuhi niliitengea dakika 20.

"Nitasoma fizikia" tumekubaliana si mpango. "Nitafanya maswali manne ya mwisho kabla ya kulala, simu ikiwa chumba kingine" unaanza kufanana na mpango.

Saa 10:15 jioni

Nasahihisha. Siandiki jibu sahihi, wala sizungushii kosa. Naweka nukta moja pembeni mwa mstari wenye kosa, mwanafunzi alitafute mwenyewe.

Mzazi mmoja amepiga simu. "Mwalimu, samahani, naona daftari la mwanangu lina nukta nukta tu. Mbona husahihishi?"

"Nasahihisha, mama. Muulize kila nukta inamwambia nini."

Kimya. Halafu nikasikia anamwita mtoto, na mtoto anaanza kueleza kwa mbali: hapa nilisahau kubadili alama nilipohamisha namba... Mama hakurudi kwenye simu kwa muda. Sijui kama ameridhika. Alinishukuru, ila kwa sauti ya mtu ambaye bado anapendelea wino mwekundu.

Saa 3:00 usiku

Karatasi ya kesho. Nimetunga swali la aina ile ile kwa ajili ya yule msichana wa nyuma, namba nimebadilisha, hatua sijaweka hata moja. Nitampa mwanzoni mwa kipindi, wakati sina haraka, kisha nitaenda kusimama upande wa pili wa darasa.

Mikono mfukoni.