Vile tulipanga vakansi ya Komoro kutoka Lubumbashi

Kila mtu kazini ananiuliza tulifanyaje kufika Komoro, nimechoka kurudia, basi naandika mara moja.

Mimi na bwana yangu tulitimiza miaka 10 ya ndoa. Yeye anatumika mugodini upande wa Kolwezi, konje (likizo) yake inafuata tarehe ya bosi, na kila mwaka hiyo konje inaishia Likasi kwa mama mkwe tukila bukari (ugali) na samaki ya Luapula. Mwaka huu nikasema hapana, mwaka huu nataka bahari. Nina miaka 38, nimezaa watoto watatu, na maji makubwa niliyowahi kuona ni ziwa la Tshangalele tu.

Nilichotaka: kisiwa, joto, watu wanasikia Kifaransa (juu Kiingereza chetu sisi wawili ukikusanya hakifiki hata ukurasa mmoja), siku kumi na kitu, na ndege isimeze makuta (pesa) yote. La Réunion ilitoka ya kwanza. Kule ni Ufaransa kabisa, dosie inaenda Kinshasa, na hata yule mwenye viza ya Schengen lazima aangalie kama inamruhusu kuingia Réunion, juu kisiwa hakiko ndani ya Schengen. Mayotte hivyo hivyo, tangu 2011 ni département ya Ufaransa. Ushelisheli hawaombi mtu viza, ila nilipoona bei ya chumba usiku mmoja nikafunga simu nikaenda kupika. Morisi nikaiacha kwa sababu ileile ya bei. Nosy Be ya Madagaska bwana yangu aliipenda sana na mpaka leo anaitaja.

Komoro niliisikia kwa mama mmoja anayeuza vitenge, ambaye anaenda Dar es Salaam kila baada ya miezi miwili. Akaniambia, "Mama, kutoka Dar mpaka Moroni ni kama saa moja na nusu tu ndani ya ndege, na wale watu ukiongea Kiswahili wanasikia nusu, nusu nyingine unamalizia kwa Kifaransa." Nikamuuliza kama alishafika. Hajafika, jirani yake wa pale Kariakoo ni Mkomoro. Basi nikaanzia hapo.

Sasa sikilizeni kuhusu mwezi, hapa ndipo ningepotea. Bwana yangu alisema Agosti, konje iko Agosti. Nikaangalia tiketi za Dar–Moroni za Agosti, bei juu, nafasi hakuna, nikafikiri ajansi inanidanganya. Kumbe Julai na Agosti ndiyo wakati Wakomoro wanaoishi Ufaransa, wale wa Marseille na kwingine, wanarudi kwa ajili ya ndoa kubwa, wenyewe wanaiita anda, mtu anaweza kutumia makuta ya miaka mingi kwa hiyo sherehe moja. Hao wanaorudi wanaitwa "je viens", jina tu lilinichekesha siku nzima. Je viens wakifika, ndege zinajaa, magari ya kukodi yanajaa. Na zaidi ya hapo, katikati ya mwaka upepo wa kusi unavuma, bahari kati ya visiwa inachafuka, na mimi nilitaka kuvuka kwenda Mwali, kisiwa kingine cha Komoro. Kuanzia Novemba nayo mvua zinaanza. Kwa hiyo nafasi nzuri ni Septemba mwisho mpaka Oktoba, je viens wameshaondoka, kusi inapungua, mvua bado. Bwana yangu alienda kubembeleza bosi abadilishane konje na mwenzake, ikachukua wiki tatu na chupa sijui ngapi za bia ya Simba, lakini akapata tarehe 28 Septemba.

Ndege sasa. Unaweza kupitia Nairobi ama Addis Ababa, hiyo ni tiketi moja, mizigo inafika yenyewe. Siye tulipitia Dar juu ilikuwa bei rahisi zaidi na nilitaka kununua vitu kule wakati wa kurudi, kweli nasema. Ubaya wake ni kwamba zilikuwa tiketi mbili tofauti, kampuni mbili tofauti, maana yake ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikungojei na hakuna wa kukurudishia kitu, na unaingia Tanzania kabisa, unachukua mizigo, unapiga muhuri. Ndege zote mbili haziko kila siku. Nilichora kalenda nyuma ya kaye (daftari) ya hesabu ya mtoto, siku za Dar kwa bik (kalamu) nyekundu, siku za Moroni kwa bluu, nikaona haziwezi kukutana bila kulala Dar usiku mbili. Basi tukalala Dar usiku mbili.

Na ni Dar ndipo tulikaribia kuharibu kila kitu. Ndege ya Moroni ilikuwa asubuhi. Nikamwambia dereva wa teksi, kaka mmoja mpole sana, "Utufuate saa nne." Akaitika, saa nne dada, bila shida. Siye tukaamka usiku, tukaoga, tukashusha valizi, tukakaa mlangoni kwa oteli na mlinzi. Saa nne ikafika, nne na nusu, hakuna mtu. Simu yake haipokelewi. Mlinzi akaniangalia akauliza, "Dada, ulimwambia saa nne ipi?" Mungu wangu. Huku kwetu Lubumbashi ukisema saa nne unafuata saa ya Kifaransa, quatre heures. Kule saa nne ya asubuhi ni dix heures! Yule kaka alikuwa amelala kwake na haki yake, kwa yeye ilikuwa saa kumi ya alfajiri. Mlinzi akatuitia bajaji mbili, moja yetu, moja ya valizi, na bwana yangu hakunisemesha mpaka tulipopewa kadi za kuingilia ndege. Tena Dar iko mbele yetu kwa saa moja, badilisheni saa kwa simu mapema.

Viza ya Komoro tulipewa uwanjani Hahaya tulipofika, euro 30 kila mtu, kesh. Wakaangalia na karte jone ya sindano ya homa ya manjano, usiiache nyumbani. Euro nilizitafuta Lubumbashi kwa wabadilishaji, ilikuwa kazi, huku kila mtu ana dola tu, lakini inafaa: franka ya Komoro imefungwa kwa euro, euro moja ni karibu franka 492, haipandi haishuki, siye tulihesabu 500 kichwani ikaisha. Kadi ya benki usiitegemee.

Moroni yenyewe ni mji mdogo, mawe meusi ya volkano kila mahali, volkano ya Karthala iko juu ya kichwa chako mita 2,361 na ingali hai (hatukupanda, magoti ya bwana yangu). Msikiti wa zamani wa Ijumaa pale bandarini ni mweupe na matao yake, jioni wazee wanakaa nje wanacheza bao. Umeme ukikatika tulijisikia nyumbani. Nganda (baa) kila kona usitafute, watu ni Waislamu karibu wote, nami nilifurahi nilibeba vitenge vingi kuliko suruali. Kuhusu lugha, yule mama alisema kweli, ila mara ingine maneno yanafanana halafu yanakuangusha. Marahaba kwao ni asante. Mimi siku ya kwanza nilikuwa nasikia marahaba nasubiri shikamoo iko wapi.

Mwali ndiyo ilikuwa sababu ya safari yangu yote. Gari mpaka Chindini, kusini kabisa mwa Ngazidja, kisiwa chenye Moroni, halafu boti mpaka Hoani, upande wa Mwali. Ukipanga, hapa usijifanye mjanja. Boti inaondoka ikijaa na bahari ikikubali, mambo ya saa sahau. Mimi niliweka siku mbili tupu kati ya kutoka Mwali na ndege ya Dar, bwana yangu akasema napoteza siku bure.

Tulilala Itsamia, kijiji kina vibanda vya wageni vya wenyewe wanakijiji, na wao wenyewe ndio wanalinda kasa. Chakula alileta mama mzee, watoto wanamwita koko (bibi), sawa vile kwetu, nikacheka nikamwita koko na mimi. Akaweka sahani ya wali na majani ya kijani, wanayaita mataba. Nikaonja. Sombe! Sombe (kisamvu) kabisa, ila ya tui la nazi, bila mawese. Bwana yangu akauliza bukari iko wapi, koko akamwongezea wali.

Usiku kijana akatupeleka pwani, taa nyekundu ndogo tu, hakuna kusema. Kasa alikuwa ameshachimba. Tulilala kifudifudi nyuma yake, karibu hivi ningeweza kumgusa, mayai yanadondoka mawili, matatu, meupe kama mipira ya ping-pong, yanafika mia hivi, na mnyama anapumua kwa sauti ya mtu aliyebeba gunia. Alipomaliza akaanza kufukia, mchanga ukanijaa machoni na mdomoni, na sikuweza kucheka.

Siku ya kurudi tulifika Hoani mapema, bahari imekasirika, nahodha akaangalia akasema leo hapana. Kesho yake asubuhi akasema ngojeni, mchana ndipo tukavuka, tumelowa mpaka paspoti ndani ya plastiki. Tulifika Moroni jioni, siku moja tupu tu imebaki kabla ya ndege. Bwana yangu hakusema tena siku za bure.

Dar nilinunua vitu kidogo, yule kaka wa teksi alituandikia mwenyewe, "Dada, saa nne ya Kongo au ya kwetu?" Akatupeleka bure mpaka Kariakoo.

Valizi yangu mpaka leo inanuka ilangilangi, manukato ya kule, juu kichupa kilipasuka. Na nilirudi na franka za Komoro karibu elfu kumi na tano, zibadilishe kule kabla hujapanda ndege, maana Lubumbashi hakuna anayezijua. Nilizungusha kwa wabadilishaji wawili, mmoja akauliza kama ni za mchezo. Mtoto wangu wa mwisho ndiye anazo sasa, anachezea duka.