Saa Kumi ya Mpika

Barua ya kuomba kupokelewa tuliiandika Machi 2018. Ilikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kwanza, kisha mmoja wetu akaigeuza Kiingereza usiku uleule ili iwahi kutumwa. Mstari uliotuponza ulisema mkutano wa hadhara uwe Jumatano, saa 10 hadi saa 12 jioni. Kwenye Kiingereza neno "jioni" lilidondoka, zikabaki namba tupu. Sisi tulimaanisha saa kumi ya alasiri. Wenyeji wetu wa Mpika, Zambia, walisoma 10 na 12 kama zinavyosomwa kwao: saa nne asubuhi hadi adhuhuri. Barua ilikwenda, majibu yakaja, simu zikapigwa mara kadhaa, na kila upande ukasema "kumi" bila wasiwasi wowote. Hakuna aliyeshtuka mpaka siku yenyewe, tumevaa kandambili na sufuria ziko motoni.

Tulikuwa wanafunzi 22 wa chuo kimoja cha Dar es Salaam, kundi la maombi na kwaya, tukienda misheni ya siku kumi. Mimi nilishika daftari la fedha na vifaa, kwa hiyo ninachokikumbuka zaidi ni fedha na vifaa.

Pasipoti ndizo zilizokula michango kuliko nauli. Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kitambulisho cha taifa hakikuvushi pale. Pasipoti mpya za kielektroniki zilikuwa zimeanza mwaka uleule, shilingi 150,000 kila mtu, na 14 kati yetu hawakuwahi kuwa na pasipoti ya aina yoyote. Nauli ilikuwa hesabu nyepesi ukilinganisha. Daraja la pili la treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, lilikuwa na vyumba vya vitanda sita, na wanaume na wanawake hawakuchanganywa isipokuwa mkinunua chumba kizima. Wasichana walikuwa 12, wakajaza vyumba viwili kamili. Wavulana tulikuwa 10: chumba kimoja kilijaa, cha pili kikabaki na vitanda viwili vitupu. Waliovipata ni wafanyabiashara wawili wa Tunduma, mji wa mpakani, nami nilinuna kwa sababu nilishapanga kuweka spika pale.

Ikawa ndiyo bahati yetu. Tulipofika Makambako, baada ya lile eneo la mahandaki kutoka Mlimba ambako taa ya chumba huzima na kuwaka kama kibatari, wale jamaa walikuwa wameshatufundisha biashara nzima ya kubadili fedha mpakani. Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013. Noti za zamani hazina thamani tena, ila bado zilikuwa zinazunguka mikononi mwa matapeli wa reli, ambao huzipenyeza katikati ya bunda, usiku, treni ikiwa karibu kuondoka. Kanuni waliyotupa ilikuwa rahisi: noti kubwa ya wakati ule ilikuwa 100. Ukiona namba yoyote iliyozidi mia, ulitakiwa kurudisha. Kwacha moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 220 hivi. Ukitajiwa bei nzuri mno kuliko hiyo, hesabu noti mara mbili. Nilibadili fedha za kundi zote dirishani, wao wawili wamesimama nyuma yangu, na sikupoteza hata ngwee moja, senti yao.

Kilichotuumiza mpakani ni kadi ya chanjo. Kadi ya homa ya manjano haianzi kazi siku ya sindano. Inaanza siku ya kumi baada yake. Ikishaanza, siku hizi ni ya maisha, lakini zile siku kumi hazina mjadala. Mpiga kinanda wetu alichanjwa Jumatatu, Agosti 6, na sisi tuliondoka Dar Ijumaa ya tarehe 10. Kadi ilikuwa halali, muhuri halali, ila tarehe ilimkataa. Ofisa wa afya alihesabu kwa vidole mbele yetu, taratibu, bila ukali, akamwambia Alhamisi ndiyo siku yake. Alishuka na begi lake, akalala kwa familia moja ya Kikristo Tunduma, sisi tukaendelea na kinanda kisicho na mpigaji. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na safu ya "amechanjwa" kwenye daftari, nikaweka tiki. Safu ya tarehe sikuichora.

Vifaa havikusumbua. Orodha yake tuliitengeneza nakala tatu, kila kitu na namba yake ya kiwandani: spika mbili, miksa, kinanda, vipaza sauti vinne, jenereta ya kVA 2.5. Nakala moja hugongwa muhuri upande wa kutokea, na bila hiyo, siku ya kurudi unaweza kuonekana umenunua mali ng'ambo na kutakiwa kulipia ushuru wa jenereta yako mwenyewe. Na mkiulizwa mnakwenda kufanya nini, semeni kanisa na toeni barua ya mwaliko. Kuna mmoja wetu alitaka kusema "utalii". Mtalii gani anabeba spika za inchi 15?

Jenereta ilisafiri kavu. Petroli haipandi behewani, kwa hiyo Dar tulimwaga tangi, tukafunga koki ya mafuta, tukaiwasha mpaka ikazima yenyewe ili hata ile iliyobaki kwenye kabureta iishe. Nitairudia hiyo koki.

Mpika ni mji wa reli. TAZARA ina karakana yake kubwa pale, na njia ya lami ya kwenda Lusaka inapita papo hapo. Agosti usiku ni baridi kwelikweli kwa mtu wa Dar. Mji uko juu. Tulilala kwenye madarasa ya kanisa, tukapika wenyewe. Unga wa mahindi huko huuzwa mifuko ya kilo 25, na watu 21 wenye njaa ya vijana hula karibu kilo tano na nusu kwa mlo mmoja wa ugali. Ukipika mara mbili kwa siku, mfuko unaisha siku ya tatu mchana.

Jumatano asubuhi hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa jikoni. Maji yalikuwa yanachemka, maharage yamewekwa, mhubiri wetu anaoga kwa ndoo nyuma ya darasa. Mtoto mmoja akaja mbio akasema kitu kwa Kibemba, akaonyesha kidole kuelekea uwanjani. Tukamwitikia "Eya mukwai", yaani ndiyo, kwa sababu ndilo tulilokuwa tunalijua. Dakika chache baadaye akaja mzee mkalimani mwenyewe kwa baiskeli. Alikuwa mstaafu wa reli, Kiswahili chake alikiokota kwa Watanzania aliofanya nao kazi karakanani, chenye "bwana wee" nyingi na matusi mawili ya kistaarabu. Sote tulimwita Bashikulu, babu.

"Watu wamekaa," akasema. "Nyinyi mnapika?"

Saa yangu ya mkononi ilionyesha saa tano kasoro robo. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, nami sikuwa nimeirudisha. Kwao ilikuwa saa nne kasoro robo, yaani robo saa kabla ya ile kumi yao. Nusu ya simu zetu zilikuwa zimejibadili zenyewe na nusu hazikuwa na mtandao, kwa hiyo hata wakati wa kubishana hatukukubaliana ni saa ngapi.

Wazo la kwanza lilikuwa kuomba watu warudi alasiri. Bashikulu alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa koti. Sheria ya Zambia wakati ule ilitaka taarifa ya mkutano wa hadhara ifike polisi angalau siku saba kabla, na wenyeji walishaipeleka, na saa zilizoandikwa mle ni za barua yetu: kumi hadi kumi na mbili. Kusogeza muda kungehitaji taarifa mpya na siku saba nyingine. Hapo nikaelewa jinsi neno moja lililodondoka Dar lilivyosafiri: barua, karatasi ya polisi, tangazo la kanisani, mpaka kwenye mabango matatu ya sokoni.

Tulibeba vitu mikononi. Mvulana aliyepewa jenereta alivuta kamba mara ishirini na kitu, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Petroli ilikuwepo, lita tano kwenye dumu kutoka kituo cha barabarani. Choki alikuwa ameivuta. Msichana mmoja wa uhandisi akapita na waya begani, akainama, akageuza koki ya mafuta tuliyoifunga Dar, akaendelea na safari yake. Mvuto wa pili ikawaka. Ukishawasha, iache dakika mbili tatu kabla ya kuchomeka chochote, kwa sababu umeme wake wa mwanzo hupanda na kushuka na ndio unaoua miksa. Waya wa kuunganisha tuliufungua wote, mita 30, ukanyooka chini; ukiuacha umejiviringa kwenye kigurudumu chake huku unabeba mzigo, unapata moto. Na jenereta inakaa upande upepo unakokwenda, mbali, vinginevyo kipaza sauti kinahubiri muungurumo.

Yote hayo yalichukua dakika 40. Katika hizo dakika 40 mkutano ulishikiliwa na kina mama wa kwaya ya wenyeji, hawana chombo hata kimoja, vitenge vimefungwa kiunoni, wanapiga makofi ya zamu mbili zinazopishana. Hakuna aliyeondoka. Sisi tulipopanda, bila mpiga kinanda wetu, tulianza wimbo juu mno, sauti ya kwanza ikakwama kabla ya kiitikio. Mama mmoja wa mstari wa mbele akatushushia, akaimba noti moja kwa "mmm" mpaka tukaipata. Kwaya iliyofanya mazoezi miezi minne na kinanda ikapewa ufunguo na mtu aliyeketi.

Zilibaki dakika 35 za mahubiri. Mahubiri yanayotafsiriwa huliwa nusu na mkalimani, kwa hiyo mhubiri wetu alikuwa na dakika 17 za kweli, naye alijiandaa kwa 40. Alikata utangulizi na ushuhuda, akabaki na Luka 15, mwana mpotevu. Mafungu tulikuwa tumempa Bashikulu jana yake, ameweka vipande vya karatasi kwenye Biblia yake ya Kibemba. Mradi mhubiri alibaki kwenye vipande, mambo yalitiririka: sentensi moja fupi, kituo, sentensi moja fupi, kituo. Alipochepuka kwenda Isaya bila taarifa, tulisikia kurasa zikipekuliwa kwenye spika zote mbili kama mtu anachambua mchele.

Kisha akajisahau. Akiwa anazungumzia Mungu Muumba, akatupa methali: "Usione vyaelea, vimeundwa!"

Bashikulu akanyamaza. Akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akamgeukia. "Vinaelea wapi?"

"Majini, Bashikulu. Vyombo. Majahazi."

Mzee akawatazama watu wa Mpika, ambao bahari iko mbali nao kama ilivyo mbali na mwezi, akasema sentensi moja ya Kibemba, watu wakaitikia kwa nguvu. Baadaye nilimuuliza alisema nini. Alisema: treni haikujijenga.

Saa sita kasoro dakika tano za Zambia, mmoja wa polisi wawili waliosimama chini ya mti aliangalia saa yake, kisha akaniangalia mimi. Tulizima spika tukiwa katikati ya amina. Mikutano iliyobaki ilikuwa ndani ya uzio wa kanisa, haikuwa na karatasi ya polisi, kwa hiyo tulikuwa huru kuirudisha alasiri. Mhubiri akatangaza kwa mdomo mtupu: kesho. Bashikulu akatafsiri "mailo". Msichana wetu mmoja aliyekuwa ameanza kujifunza Kibemba akanivuta shati kwamba alisikia mailo ni jana. Ni yote mawili. Neno ni moja kwa jana na kesho, na kitenzi ndicho kinachokuonyesha unakwenda au unarudi. Kwa kundi lililokwishaharibu saa, habari hiyo haikutuliza.

Maharage yalikuwa yameungua. Kina mama wa kwaya walitufuata na sahani ya ifinkubala, viwavi wakavu ambao Mpika inajulikana kwao. Huloweshwa kwanza, hukaangwa, kisha hutiwa nyanya na kitunguu. Vyeusi, vina mikunjo kama springi ya kalamu. Ukitafuna, ganda linapasuka kidogo na ladha inakuja kama ya dagaa waliokaushwa kwa moshi. Wawili wetu walikula na macho yamefumbwa. Mimi nilirudia.

Usiku ule niliandika mabango upya kwa kalamu ya wino mzito: 16:00, tarakimu nne, na chini yake Bashikulu akachora jua lililoinama upande wa magharibi, kwa wasiosoma na kwa Watanzania.

Alhamisi, tukiwa tunachomeka waya, basi dogo lilisimama barabarani na mpiga kinanda akashuka akikimbia, begi linampiga mgongoni, anahema, anaomba radhi kabla hajafika. Saa yake ilikuwa bado ya Dar, saa kumi na moja kasoro dakika kumi, na kwenye bango alikuwa ameona 16:00. Nilimpa waya wa kinanda. Alikuwa amewahi kwa dakika kumi.