Ahadi ya Alicent na Mtu Asiyekuwepo Mjini

Wengi wanaosubiri msimu wa 3 wa House of the Dragon, tamthilia ya ndugu wanaopigania kiti cha ufalme, wanahesabu majoka. Wanapima ukubwa wa Vhagar dhidi ya Vermithor, wanalinganisha meli za ukoo wa Velaryon na zile za muungano wa miji wa Triarchy, kisha wanatangaza mshindi. Mimi nadhani mzigo mzito zaidi wa msimu ujao umo katika mapatano ya wanawake wawili waliozungumza faragha katika ngome ya kisiwa cha Dragonstone, katika sehemu iliyofunga msimu wa 2 mnamo Agosti 2024.

Alicent, mama wa Mfalme Aegon na mdogo wake Aemond, alikwenda kwa siri kumwahidi Rhaenyra, anayekidai kiti cha Aegon, kwamba Aemond akishaondoka kwenda vitani, mji mkuu wa King's Landing utafunguliwa bila vita. Rhaenyra, ambaye mwanawe Lucerys aliuawa angani na Vhagar, joka la Aemond, akataja bei yake: mwana kwa mwana, yaani kichwa cha Aegon. Alicent alijaribu kukwepa, akanyamaza, kisha akakubali. Olivia Cooke aliigiza ukimya huo vizuri kuliko mapigano yote ya msimu ule. Tatizo ni kwamba wakati Alicent anakubali, Larys Strong, mshauri wa mfalme, alikuwa tayari anamtorosha Aegon, majeruhi aliyeungua vibaya katika vita vya Rook's Rest. Mama ameuza asichokuwa nacho, na mnunuzi hajui.

Tukio hilo halimo katika Fire & Blood, kitabu cha George R. R. Martin cha mwaka 2018 ambacho ndicho chanzo cha tamthilia hii. Kitabu chenyewe kimeandikwa kama historia yenye mashahidi wanaopingana, kwa hiyo hata aliyekisoma anajua zaidi nani alikufa kuliko kwa nini. Waandishi wa tamthilia walipoamua kubuni safari ile, nasadiki hawakuibuni kwa ajili ya machozi ya dakika chache. Ninavyotabiri, Rhaenyra ataingia mjini kwa urahisi, atakalia Kiti cha Chuma, atamtafuta Aegon asimpate, na kuanzia hapo ataamini kwamba Alicent alimhadaa. Ukali wa malkia utaanzia katika jeraha hilo, wala hautazuka ghafla kama wazimu wa kurithi, maelezo ambayo yangekuwa mepesi mno kwa mhusika ambaye Emma D'Arcy amemjenga kwa subira kiasi hiki.

Huko huko Dragonstone kuna hatari nyingine ambayo Jacaerys, mwana mkubwa wa Rhaenyra, aliiona mapema. Ulf, mmoja wa watu wa kawaida ambao Rhaenyra aliwaruhusu wajipatie majoka, naye akampata Silverwing, anakaa mezani kwa malkia akiweka miguu juu na kuagiza huduma kama mwenye nyumba. Mwenzake Hugh ananitia wasiwasi zaidi kwa sababu ni mtulivu, na Vermithor alilonalo ni miongoni mwa majoka makubwa kabisa yaliyosalia. Watu waliopewa silaha ya namna hiyo kabla ya kupewa sababu ya kuwa waaminifu hawatadumu upande mmoja, sembuse pale watakapojua mjini kuna mali.

Nakubaliana na wanaolalamika kwamba msimu wa vipindi 8 uliishia majeshi yakiwa bado njiani. Hata hivyo sehemu ile ya mwisho ilitupa mazungumzo ya Aemond na dada yake Helaena, anayeona yajayo. Kaka anamshurutisha dada apande joka lake Dreamfyre aende vitani, naye anamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Aegon atakuwa mfalme tena, na kwamba yeye Aemond atamezwa na ziwa la God's Eye asionekane tena. Aemond anamtishia kwamba anaweza kumuua. Helaena anamwambia haitabadilisha kitu.

Sasa Aemond anajua mahali atakapofia, na mwoga angelikwepa ziwa hilo maisha yake yote. Ninavyomsoma mhusika anayeigizwa na Ewan Mitchell, atakwenda mwenyewe, kwa kiburi cha kutaka kuukanusha utabiri wa dada yake, na hasa ikiwa anayemngoja huko ni Daemon, mume wa Rhaenyra.